Mchoro wa Kando

Kwa miaka mingi nilifundisha elimu ya mimea, nami sikuwa na amri ila moja: chora ukionacho, basi. Mwanafunzi mmoja alichora ua la alizeti, kisha kando yake akatia maduara ya rangi. "Mwalimu, hili nalo ni alizeti," alisema. Nilimpunguzia alama.

Mwaka 2025 nilimzuru mwanangu New York, akanipeleka katika Jumba la Sanaa ya Kisasa kutazama maonyesho ya Hilma af Klint (1862–1944), mchoraji wa Uswidi. Kiini chake kilikuwa karatasi 46 za mwaka 1919 na 1920. Mimea imechorwa kwa rangi za maji, na kwa uaminifu ambao mwalimu mkali kama mimi hangeutilia kasoro. Lakini kando ya mimea hiyo mna vijichoro visivyofanana na jani wala ua: misokoto, miraba, vitone. Mwenyewe aliamini kuwa ndivyo hali za roho zilizo nyuma ya maua. Imani hiyo mimi sina.

Nikaifikia alizeti. Kando yake, duara ndani ya duara. Nilisimama pale nikilitafuta jina la yule mtoto, nisilipate.