Bisie: bati linavuka mpaka, gorila anabaki

Wamama wenzetu, Bisie iko ndani ya msitu, mbali kaskazini-magharibi ya Walikale-Centre. Zamani gari halikufika. Kasiteriti, jiwe la bati, ilitoka kwa mgongo: gunia la kilo 50, siku mbili porini hadi Njingala. Halafu Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara na kupeleka mzigo Goma. Kutoka Goma, mpaka. Tangu 2019 kampuni inachimba kwa mashine na malori yanabeba, lakini bati linaondoka vilevile. Sisi tunabaki na mashimo, na pori ambalo wanyama wake waliliwa kwenye kambi za wachimbaji.

Kivu yetu ina mali nyingine inayovuka mpaka, tena kwa miguu yake. Gorila wa milima ya Virunga wanafuata chakula kati ya Kongo, Rwanda na Uganda. Kwa saa moja ya kuwatazama, mgeni hulipa dola 1,500 Rwanda na 800 Uganda. Kwetu bei ilikuwa 400. Mlima ni ule ule! Kinachotukosesha ni usalama: mwaka 2018 hifadhi ya Virunga ilifunga utalii miezi kadhaa baada ya wageni kutekwa. Rwanda, asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi inarudi kwa vijiji jirani, na imejenga madarasa na vituo vya afya.

Gorila wa Walikale ni wa aina nyingine, wa Grauer, na huyu havuki popote. Anaishi mashariki mwa Kongo tu. Hesabu iliyotolewa 2021 ilikadiria 6,800. Kwetu kukiwaka moto, hana nchi ya pili ya kukimbilia. Machi 2025 vita vilipokaribia, hata mgodi wa Bisie ulisimama kwa wiki kadhaa.

Lakini kuna kazi inayofanyika. Huko Nkuba, Walikale, familia zenye ardhi zimekubali kulinda msitu wao, na watu wa hapo hapo wanalipwa kufuata nyayo za gorila. Tena sheria ipo: amri ya Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake, hadi hekta 50,000, na kuusimamia wenyewe. Msitu huo husimamiwa na kamati ya jamii. Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kiulize: katika kamati yetu, mama ni wangapi?