Kuongeza na Kupunguza

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa miaka 17 methali hiyo ilinitosha kila nilipoona pikipiki kubwa ikikatiza Morogoro kuelekea Iringa, imesheheni masanduku, na dereva wake amevaa kama mtu anayekwenda vitani. Mbacha wangu ulikuwa Honda XL 125, pikipiki ambayo watu wengi wa rika langu waliizoea kwa mabwana shamba na waganga wa vituo vya afya. Silinda moja, breki za ngoma mbele na nyuma, nguvu ipatayo farasi 12. Haikuchagua fundi wala barabara. Ikizimika, mtu mwenye spana mbili na plagi moja mfukoni aliweza kuiwasha.

Kilichonifanya niutazame msala ni mlima. Mama yangu anaishi kijijini huko Njombe, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwangu, na tangu miguu ilipoanza kumsumbua, mimi na mke wangu humwendea mara nne au tano kwa mwaka. Basi lipo, na tumelipanda sana. Lakini basi hukushusha kwenye lami, na kutoka hapo bado kuna safari ndefu ya udongo mwekundu ambao wakati wa masika huteleza kama sabuni. Ndiyo maana tulizoea kwenda kwa pikipiki, tukilala Iringa njiani.

Sasa, ndugu msomaji, kama umepita barabara hiyo unaujua mlima wa Kitonga. Ukishaliacha bonde la mibuyu na kuvuka Ruaha Mbuyuni, barabara inaanza kupanda kwa kona baada ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori yanayokwenda Tunduma, Zambia na Kongo hupanda hapo kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pikipiki ndogo yenye watu wawili, ikiwa gia ya pili na injini inalia, haina uamuzi wowote mahali kama pale. Haiwezi kulipita lori kwa haraka, haiwezi kukaa ndani ya moshi wake mpaka juu, na haiwezi kulizuia basi linalopiga honi nyuma yake. Mke wangu alikuwa akinishika kiuno kwa mikono yote miwili, na nilijua kabisa kwamba haangalii mandhari.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kuwa nguvu ya injini si ya kukimbilia tu. Ni akiba, kama fedha ya dharura iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Unaweza kukaa mwezi mzima bila kuigusa, lakini siku unayoihitaji, unaihitaji kwa sekunde nne tu, na ni lazima iwepo.

Pikipiki niliyoipata ni Yamaha XT660Z, ambayo watengenezaji wake huiita Ténéré. Jina hilo ni la jangwa lililoko Niger, na Yamaha walianza kulitumia mwaka 1983, wakati mashindano ya Paris–Dakar yalipokuwa yamewatia watu wa Ulaya hamu ya mchanga. Mashindano ya kwanza kabisa, yaliyoanza mwishoni mwa Desemba 1978, yalishindwa na Mfaransa Cyril Neveu akiwa juu ya Yamaha XT500 yenye silinda moja. Hii ya kwangu ni ya uzao uliotoka mwaka 2008, nayo pia ni ya silinda moja: cc 660, nguvu kama ya farasi 48, tangi la lita 23, na kiti kilicho karibu sentimita 90 kutoka ardhini. Aliyeniuzia alikuwa mgeni aliyeiendesha kutoka Ulaya kupitia Misri, Sudani, Ethiopia na Kenya, akaamua safari yake iishie hapa kwetu. Tuliilipia ushuru wote kabla ya kuiandikisha, na siku ile nilikiona kipande cha shamba la mpunga kikigeuka kuwa karatasi.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa wiki mbili nilikuwa nikitoka usiku na tochi kwenda kuitazama. Ndipo nikagundua kwamba sikununua pikipiki moja. Nilinunua pikipiki pamoja na mawazo ya mtu mwingine. Mgeni yule alikuwa ameongeza masanduku mawili ya bati ngumu pembeni na moja nyuma, vyuma vya kukinga injini, kioo kirefu cha kuzuia upepo, taa mbili kubwa za ziada, na vishikio vya madebe ya mafuta. Kila kitu kilikuwa na sababu yake. Mtu aliye peke yake katikati ya Sudani anahitaji mafuta ya akiba, maji, hema na jiko. Lakini mimi siendi Sudani. Mimi naenda Njombe, tena nina abiria.

Nilivifungua vyote nikavipeleka kwenye mizani ya duka la nafaka. Masanduku yakiwa matupu, pamoja na vyuma vyake, yalikuwa na kilo 29. Nilipojumlisha na mengine nikafika kilo 44, yaani karibu nusu gunia la mahindi, kabla hatujapakia hata kanga moja. Kweli haba na haba hujaza kibaba. Na jambo hili wengi hatulifikirii: kila pikipiki ina kikomo cha uzito kilichoandikwa na mtengenezaji, na kikomo hicho huhesabu kila kitu, dereva, abiria, mizigo, na pia hivyo vyuma vya mapambo. Kila kilo unayoifunga kwa boliti unaiondoa kwenye haki ya abiria wako.

Mahali uzito unapokaa nako kuna maneno. Sanduku lililo juu na nyuma ya gurudumu la nyuma hufanya kazi kama mtoto aliyekaa mwisho wa bembea: huinua upande wa pili. Gurudumu la mbele likipungua uzito, usukani huanza kucheza, hasa upepo unapokupiga ubavuni. Na anayeujua upepo wa Makambako hahitaji kusimuliwa zaidi.

Lakini mizani ya kweli aliileta mke wangu. Jioni moja alikuja uani akaizunguka pikipiki mara mbili, kisha akasema, "Baba Tumaini, ukianguka na mimi pale Mikumi, dude hili utaliinua na nani?"

Nikamjibu kwamba tutasaidiana.

"Na tembo watatusubiri?"

Barabara hupita ndani ya hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, kwa hiyo swali halikuwa la mzaha. Kesho yake nilimwita fundi wangu, tukairudishia vifaa vyote, tukailaza pikipiki taratibu juu ya majani. Nikafuata utaratibu aliyonifundisha: gia imeingizwa ili gurudumu lisizunguke, usukani umekatwa mpaka mwisho, mgongo umegeuziwa kiti, magoti yamekunjwa, halafu unasukuma kwa miguu, si kwa kiuno. Nilisukuma mara tatu. Haikuinuka. Tukafungua masanduku, taa na vishikio vya madebe, tukaacha vyuma vya kukinga injini ambavyo huizuia isilale chali kabisa. Nikasukuma tena. Iliinuka, nami nikabaki nimeishikilia huku jasho likinitoka, na mke wangu akaingia jikoni bila kusema neno. Basi nikapata kanuni yangu: kisichoniruhusu kuiinua pikipiki mwenyewe hakina nafasi juu yake. Mtaka yote hukosa yote.

Kutoka hapo maamuzi yalikuwa mepesi. Vyuma vya injini vilibaki. Vishikio vya madebe vilikwenda, kwa sababu pikipiki hii hunipa kama kilomita 20 kwa lita moja, na tangi lililojaa Morogoro hunivusha Iringa nikiwa na akiba, tena vituo vya mafuta vimejaa njia nzima. Mahali pa masanduku fundi wa maturubai alinishonea mikoba miwili myepesi inayokaa chini, karibu na miguu ya abiria. Mikoba haina kufuli, ni kweli. Lakini pikipiki ikianguka, turubai haliwezi kubana mguu wa mtu kama bati linavyobana.

Kiti kilitusumbua zaidi. Mimi si mrefu, na fundi alinieleza kuwa zipo njia mbili. Ya kwanza ni kubadili viungo vya shokapu ili sehemu ya nyuma ishuke. Lakini hapo tumbo la pikipiki linakaribia mawe na stendi inakuwa ndefu kupita kiasi. Ya pili ni kupunguza sponji. Tulichagua sponji: sentimita tatu zikatoka upande wangu, na upande wa mke wangu tukaongeza, tukamwekea na vishikio imara. Springi ya nyuma ilikazwa tukiwa wote wawili tumekaa juu, na ulegevu wa mnyororo ukapimwa vivyo hivyo, kwani uzito ukikandamiza shokapu mnyororo nao hukaza. Gurudumu la mbele ni la inchi 21 kama lile la XL yangu, jambo lililonifariji. La nyuma ni la inchi 17, na tairi yake si ya kupatikana kila duka. Kwa hiyo nabeba mipira miwili ya ndani, pampu, na vyuma vya kufungulia tairi.

Masanduku nilimuuzia kijana mmoja anayesambaza dawa za mifugo. Fedha yake ilinunua kofia ngumu nzuri ya mke wangu na koti lenye vikinga vya mabega na viwiko. Ukiniuliza leo mtu aliyehamia pikipiki kubwa aanze kuongeza nini, nitamwambia aanzie kichwani kwa abiria wake, kisha ateremke.

Tumekwishaupanda Kitonga mara tatu kwa pikipiki hii. Lori likiwa mbele nasubiri mpaka nione barabara yote, nageuza mkono kidogo tu, na jambo linakwisha kabla basi la nyuma halijapiga honi. Mara ya tatu nilisikia mke wangu akinigonga bega, nikadhani kuna hatari. Alikuwa ananionyesha korongo chini, jinsi lilivyo la kijani.

Limebaki suala la kioo. Mke wangu anataka kile kirefu kirudi kwa ajili ya baridi ya Njombe. Mimi nasema kinarusha upepo moja kwa moja kwenye kofia yangu na kunipigia kelele njia nzima. Fundi amependekeza tukikate sentimita kumi. Mimi nasema sita. Hatujaelewana.