Wimbo Ukisharekodiwa, ni wa Nani?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imezoeleka mno hivi kwamba ni wachache wanaothubutu kuipima. Bendi ya roki ya Radiohead, kutoka Oxford nchini Uingereza, ilithubutu. Mnamo tarehe 1 Oktoba 2007, mpiga gitaa wake, Jonny Greenwood, alitangaza katika tovuti ya bendi kwamba albamu yao mpya, In Rainbows, ilikuwa tayari na ingetoka baada ya siku kumi. Mkataba wao na kampuni ya EMI ulikuwa umekwisha baada ya albamu ya 2003. Sasa kila aliyetaka kupakua nyimbo hizo kumi aliachiwa ajaze bei mwenyewe, hata ikiwa sifuri.

Magazeti yalishughulika na bei. Mashabiki walikuwa na shughuli nyingine. Aghalabu mhakiki hupewa nakala mapema, na shabiki hufika dukani akiwa ameshaambiwa kipi kizuri na kipi kibovu. Tarehe 10 Oktoba, mhakiki mwenye jina na mwanafunzi asiyejulikana waliisikia albamu siku moja. Hakuna aliyemtangulia mwenzake kusema.

Na mashabiki walisema. Wapo walionung'unika kwamba faili za MP3 za kilobiti 160 kwa sekunde zilipunguza utamu wa sauti. Wapo walioshangilia wimbo wa kwanza, "15 Step", unaokwenda kwa mapigo matano na kupambwa kwa sauti za watoto. Hata hivyo, mjadala mkali zaidi ulihusu nyimbo walizokwisha kuzijua. Nyingi kati ya hizo zilikuwa zimeimbwa jukwaani katika ziara ya 2006, nao mashabiki wakazirekodi na kupeana. "Nude" ulikuwa umesubiriwa tangu miaka ya 1990. "Reckoner" lilikuwa, mnamo 2001, jina la wimbo mwingine kabisa, wenye magitaa makali. Aliyeutarajia huo alikutana na wimbo mpole. Na "Videotape", ambao jukwaani ulipanda hatua kwa hatua hadi kileleni, katika albamu ulibaki kinanda na ngoma inayochechemea. Wengine waliona wameporwa wimbo wao. Wengine walijibu kwamba maneno ya kuaga hayahitaji kelele, na kwamba ukimya ule ndio wimbo wenyewe.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atautambua ugomvi huu. Ni ugomvi wa hadhira inayomkatiza fanani na kumwambia kwamba bibi hakuisimulia ngano hivyo. Tofauti ni kwamba fanani yupo mbele ya wasikilizaji na anaweza kuigeuza ngano usiku uo huo, ilhali wimbo uliorekodiwa haumsikii anayeulalamikia. Lakini je, rekodi ndiyo wimbo, au ni utendaji mmoja tu miongoni mwa mingi? Mwaka 2008 bendi ilirudi jukwaani na nyimbo zizo hizo, zikaanza kuishi upya.

Kuna wanaodhani kwamba bei ile ndiyo iliyokuwa hukumu ya mashabiki. Sivyo. Katika taarabu, msikilizaji huinuka kumtunza mwimbaji pale ubeti unapomchoma. Hutoa baada ya kusikia. Mashabiki wa Radiohead walitakiwa kutaja bei kabla ya kusikia. Walichotoa kilikuwa imani. Hukumu ilikuja baadaye, na ilikuja kwa maneno: kwa kusikiliza mara ya tatu na ya nne, kulinganisha, kubishana, na pengine kukubali kwamba sikio la jana lilikosea.

Utaratibu wa bei ya hiari ulisitishwa Desemba 2007. Santuri za CD zilipoingia madukani, tarehe 31 Desemba nchini Uingereza na siku iliyofuata nchini Marekani, albamu hiyo iliongoza kwa mauzo katika nchi zote mbili, ingawa watu walikwisha kuachiwa waipate hata bure. Albamu iliyofuata, The King of Limbs ya 2011, iliuzwa kwa bei maalumu. Kwa hivyo bei ya hiari haikudumu. Kinachostahili kukumbukwa ni siku ile moja ambapo wapokezi wote walikutana na kazi mpya bila mtu wa kuwatangulia.

Siku kama hiyo ni adimu katika madarasa ya fasihi. Riwaya teule haijamaliza hata muhula shuleni kabla mwongozo wake haujafika, na wanafunzi wengi huanza na mwongozo. Hufunguliwa ukurasa wa maudhui kabla ya ukurasa wa kwanza wa hadithi. Mwanafunzi huyo ataweza kuorodhesha dhamira sita, lakini akiulizwa ni wapi kitabu kilimuudhi au kilimliza, hana jibu, kwa kuwa hajakutana nacho. Shabiki aliyekasirika kwa sababu "Videotape" ulipoteza ngoma zake huenda alikosea. Alau aliukosea wimbo aliousikiliza.