Kioo si akiba: jinsi bloki ya saba ilivyopotea katika orodha na kurudi

Goma, Kivu ya Kaskazini. Foleni ilikuwa imeshajipanga mbele ya kibanda cha uandikishaji siku hiyo ya Jumatano karani alipobonyeza kitufe kimoja, na familia zote za bloki ya saba zikatoka katika orodha.

Ilikuwa mwaka 2024. Kambi za magharibi mwa Goma zilikuwa zimejaa watu waliokimbia vita Masisi, Sake na Rutshuru. Karani, mwanamke kijana ambaye naye familia yake ilikimbia vita, alikuwa akiondoa majina yaliyoandikwa mara mbili. Kila anayeishi kambini anajua jinsi yanavyozaliwa: baba anajiandikisha asubuhi, mama anajiandikisha mchana bila kujua, nyumba moja inakuwa mbili. Aliandika amri ya kufuta majina ya bloki ya saba. Mwisho wa amri kulikuwa na maneno yaliyosema "yale yaliyorudiwa tu". Maneno hayo hakuyachagua. Mashine haikuuliza kitu. Ilijibu tu kwamba kazi imekwisha.

Kwanza hakuogopa. Shirika dogo analolitumikia lilikuwa na mashine mbili. Moja ilikuwa pale kambini, nyingine ofisini mjini, na kila jina lililoandikwa kambini lilifika mjini kabla mtu hajapepesa jicho. Mafundi wa kompyuta wanauita mpango huo kioo. Mashine ya kwanza ndiyo kuu, inayopokea kazi. Ya pili ndiyo kioo, inayofuata kila badiliko. Mara nyingi kuna ya tatu, ndogo, inayoitwa shahidi. Kazi yake ni kuangalia kama kuu bado iko hai. Ikizimika, shahidi na kioo wanakubaliana, na kioo kinachukua nafasi ya kuu kwa sekunde chache.

Mpango huo ulikuwa umewaokoa mara mbili. Mara ya kwanza umeme wa kambini ulikatika katikati ya uandikishaji. Mara ya pili mvua iliingia kibandani na kuiua mashine kabisa. Siku zote mbili hakuna jina lililopotea. Ndiyo maana watu wa ofisi walizoea kusema: tuna kioo, tusihangaike.

Karani akampigia simu mwenzake wa mjini.

"Yaya, geuza. Kioo iwe kuu. Kisha angalia bloki ya saba."

Ilibidi kugeuza kwanza, kwa sababu katika mpango wao kioo hakifunguliwi wala kusomwa wakati kikiwa kioo. Kinapokea tu. Mwenzake akageuza, akafungua, akanyamaza kidogo.

"Dada, na huku bloki ya saba haina mtu."

Hapo ndipo mikono ilipoanza kumtetemeka. Ijumaa ilikuwa siku ya kugawa chakula. Mwenye jetoni ambaye jina lake halionekani katika orodha hapewi kitu. Siku mbili zilikuwa zimebaki.

Fundi alifika kwa pikipiki kabla ya saa sita. Kabla ya kugusa kompyuta aliomba jambo moja: watu wote waache kuandika. Kila jina jipya linaloingia baada ya kosa linafanya kazi ya kurejesha iwe ngumu zaidi. Kisha akaketi na karani, akamwambia jambo ambalo baadaye liliandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani mwa kibanda:

"Kioo inaonyeshaka tu kile kiko mbele yake. Ukijikata uso, na ule wa ndani unajikata."

Maana yake ni hii, ndugu msikilizaji. Kioo kinalinda dhidi ya kifo cha mashine. Hakilindi dhidi ya kosa la mtu. Kioo hakijui kama amri imetoka kwa mtu aliyechoka, kwa mwizi au kwa mtu mwenye akili timamu. Kinatii, na kinatii haraka. Kadiri kilivyo kizuri, ndivyo kosa linavyofika upesi upande wa pili. Kinachorudisha kilichofutwa ni nakala ya akiba: picha ya orodha jinsi ilivyokuwa jana au juzi, iliyowekwa pembeni, isiyofuata chochote.

Je, akiba ilikuwepo? Ilikuwepo, na haikuwepo.

Kila Jumatatu nyingine mashine kuu ilikuwa inachukua nakala nzima ya orodha. Kila jioni ilichukua kipande kidogo, yaani kumbukumbu ya mabadiliko ya siku hiyo tu. Orodha yenye kioo haiwezi kuishi bila vipande hivyo. Visipochukuliwa, kumbukumbu inavimba mpaka diski inajaa. Siku ya kurejesha, fundi anaweka kwanza nakala nzima, kisha anaweka vipande kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio, mpaka dakika chache kabla ya kosa. Ni mnyororo. Kila kipande kinashika mkono wa kile kilichotangulia.

Nakala nzima ilipatikana, ya siku tisa nyuma. Vipande vya juma la kwanza vilipatikana mpaka Ijumaa jioni. Cha Jumamosi hakikuwepo. Mfanyakazi mmoja alikuwa ameona diski inajaa, akatafuta faili la kufuta ili apate nafasi ya picha za mkutano. Vya Jumapili, Jumatatu na Jumanne vilikuwepo, vizima kabisa, lakini havikuwa na faida. Pete moja ikitoka, zilizo chini yake zinaanguka hata kama hazina kutu.

Mkubwa wa ofisi alitaka orodha yote irudishwe mara moja ilivyokuwa Ijumaa, yaishe. Fundi alikataa kwa heshima, na alikuwa na sababu mbili. Kwanza, orodha yenye kioo hairejeshwi juu yake yenyewe. Lazima kwanza kioo kikatwe, nakala irudishwe upande wa kuu, nakala hiyohiyo na vipande vyake ipelekwe upande wa pili bila kufunguliwa, ndipo kioo kifungwe upya. Katika saa zote hizo hakuna mlinzi. Pili, bloki nyingine hazikuwa na kosa. Kurudi Ijumaa kungefuta kazi yao ya Jumamosi mpaka Jumatano. Ungeponya kidole kwa kukata mkono.

Kwa hiyo alichukua kompyuta ya tatu, ile ya kubeba mkononi, akairejesha orodha ya zamani humo kwa jina jingine, pembeni kabisa. Hakuna aliyekuwa amewahi kujaribu kuifungua nakala hiyo tangu ianze kuchukuliwa. Ilichukua muda mrefu. Karani anasema hakula siku hiyo. Jioni, jenereta ikiunguruma nje, bloki ya saba ilijitokeza kwenye kioo cha kompyuta, jina kwa jina, mpaka Ijumaa jioni. Fundi alihesabu, akalinganisha, kisha akahamisha familia hizo peke yake kuzirudisha katika orodha inayofanya kazi. Ndani ya dakika chache kioo nacho kilikuwa nazo.

Walibaki waliofika kati ya Jumamosi na Jumatano. Mmoja wao alikuwa mama aliyefika Jumapili akitoka Masisi na watoto watatu. Alhamisi asubuhi alisimama kibandani na jetoni yake mkononi.

"Mama, jina lako haliko humu," karani alimwambia, na aliona aibu kulitamka neno hilo.

Mama huyo aliokolewa na daftari. Kiongozi wa bloki, papa mmoja aliyekuwa mwalimu kijijini kwao, alikuwa na daftari la shule ambamo aliandika kila anayeingia: siku, kijiji, idadi ya watu, namba ya jetoni. Hakuna aliyemwagiza. Alhamisi yote karani alikaa naye, yeye akisoma, karani akiandika. Familia zote zilizokuwa daftarini zilirudi.

Jina moja halikuwa daftarini wala kwenye mashine. Lilikuwa la mzee aliyefika Jumanne jioni peke yake, siku ambayo kiongozi wa bloki alikuwa mazishini. Ijumaa mzee alipanga foleni kama wengine. Alipofika mbele aliambiwa hayupo. Akarudi kibandani kwake mikono mitupu. Karani aliposikia, alimfuata jioni na unga aliopewa na majirani, akamwomba msamaha. Mzee alimjibu bila hasira:

"Miye niko, binti yangu. Ni orodha yenu ndiyo haiko."

Aliandikwa upya siku hiyohiyo, lakini alisubiri ugawaji uliofuata. Karani anasema kati ya yote yaliyotokea juma hilo, ni sentensi hiyo iliyombadilisha.

Fundi, ili kumpa moyo, alimsimulia yaliyowapata wakubwa. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu wa dunia nzima, mhandisi mmoja alikuwa anahangaika usiku kurekebisha mashine ya pili iliyoshindwa kuifuata ya kwanza. Alidhani anafuta data za ile ya pili. Alikuwa ndani ya ile kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Walipokimbilia akiba, waligundua kwamba nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kimyakimya, na barua za kuonya hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Walipoteza kazi ya saa sita. Lakini hawakuficha. Walieleza kila hatua mbele ya watu wote, ili wengine wajifunze.

Na shirika lile dogo la Goma lilijifunza. Leo vipande vya akiba vinachukuliwa kila saa, si kila jioni. Kazi ya kuvichukua imewekwa kwenye mashine zote mbili, kwa sababu wakigeuzana, ile iliyokuwa kuu inakuwa kioo, na kioo hakichukuliwi nakala. Hakuna anayeruhusiwa kufuta faili la akiba peke yake. Amri yoyote ya kufuta husomwa na watu wawili, na kabla ya kufuta wanahesabu kwanza: ni majina mangapi yatatoka?

Kisha nakala moja inakwenda mbali, nje ya mji. Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa sababu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ulirudi tena na kusimama karibu na uwanja wa ndege, na siku chache baadaye mitaa 10 kati ya 18 iliamriwa kuhama. Mashine mbili ndani ya mji mmoja, hata zikipendana namna gani, zinaweza kuondoka siku moja. Nakala hiyo ya mbali imefungwa kwa neno la siri, kwani orodha ya wakimbizi ikiangukia mikono mibaya inaweza kuwadhuru walewale ilioandikiwa kuwasaidia.

Mwanzoni mwa 2025 vita vilipofika Goma, kambi nyingi zilizouzunguka mji zilibaki tupu kwa majuma machache tu. Vibanda vilivunjwa, watu wakachukua njia za kurudi au za kwenda mbele. Mashine ya kambini haikuonekana tena. Akiba ya mbali ilibaki, na leo ndiyo inayosaidia kujibu familia zinazouliza: tulikuwa bloki gani, ndugu yangu aliandikwa wapi?

Kwa familia zilizohama, karani ana ombi moja. Tunza jetoni yako. Ipige picha, mpe ndugu anayeishi kwingine picha hiyo. Andika namba yake penye kitu usichokiacha unapokimbia. Mkuu wa bloki asiye na daftari, umwombe alinunue. Hiyo nayo ni akiba, na haihitaji umeme.

Yeye mwenyewe, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, anafungua kompyuta ya pembeni na kurejesha nakala ya zamani, siyo kwa sababu kitu kimepotea, bali ili kujua kama ingerudi. Nakala isiyowahi kujaribiwa, anasema, ni tumaini tu. Ikishafunguka, analitafuta jina la yule mzee. Akiliona, anafunga kompyuta na kwenda nyumbani.