Mama alipewa alama bila kuulizwa

Wengi hudhani tathmini ni mambo ya ofisini tu. Mimi niliijua nikiwa shule ya msingi, wilayani Mbulu. Mama ni muuguzi, na kila ilipokaribia Juni alirudi nyumbani na fomu za OPRAS.

Serikali ilianzisha mfumo huo mwaka 2004 ili kuachana na ripoti za siri, ambazo bosi aliandika na mtumishi hakuziona. Sasa wawili hao walitakiwa kukaa pamoja, kupanga malengo, kukutana tena katikati ya mwaka, na mwisho kukubaliana alama. Kwa mama haikuwa hivyo. Alijaza peke yake usiku, akapeleka, ikasainiwa. Mwaka mmoja alishushwa alama bila kuambiwa sababu. Hakulalamika, ila kwa wiki kadhaa hakuimba jikoni, na mama yangu huimba.

Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 karatasi imeupisha mfumo wa kompyuta, PEPMIS. Mtumishi anaingiza kazi zake, msimamizi anazipitia humo humo. Ni hatua nzuri, lakini kompyuta haimwulizi mtu hali. Desemba 3, 2023, tope kutoka Mlima Hanang liliishukia Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki. Wauguzi waliopokea majeruhi walifanya kazi ambayo hakuna aliyeipanga katika malengo yake ya mwaka. Kazi ya namna hiyo huonekana pale tu mkubwa anapokaa chini na kuuliza, “Ulikwama wapi? Uliwezaje?”

Mwaka jana mama alipata msimamizi mpya, kijana wa rika langu. Wakazungumza nusu saa. Alama hazikupanda sana, lakini alirudi akisema, “Leo nimeulizwa.”

Sasa tuje nyumbani. Ripoti ya shule ikifika, wazazi wengi tunatazama nafasi, tunafoka, tunasaini. Mtoto naye ananyamaza kama mama alivyonyamaza. Safari hii jaribu kumwuliza kwanza yeye anaionaje. Mtajie jambo moja alilofanya vizuri na moja la kurekebisha. Pangeni lengo dogo, kwa mfano kujua jedwali la kuzidisha la saba, kisha mlitazame tena baada ya wiki mbili. Ukisubiri hadi Desemba, utakuwa unamhukumu kwa kosa ambalo hukumsaidia kulirekebisha.