Kabla Sura Yako Haijapanda Bangoni, Soma Hii

Kila wiki kuna mtu ananiuliza afanyeje aingie kwenye matangazo. Kuna wa kupiga picha, wa kurekodi sauti, wa kuandika maneno, na wale ambao Mungu kawajalia sura tu. Leo nawajibu wote kwa mpigo. Ila sitaongelea namna ya kuingia, maana kuingia ni rahisi. Naongelea namna ya kutoka na chako.

Nimekaa miaka mitatu kwenye kampuni moja ya matangazo hapa Dar, jina naliacha. Niliingia na cheti cha kidato cha nne, nikaanzia kugawa vipeperushi stendi. Siku moja wakataka mtu wa kugeuza tangazo la Kiingereza liwe Kiswahili cha watu, maana lile la ofisini lilisikika kama taarifa ya habari ya zamani. Nikaandika, mteja akacheka, akalipenda. Kuanzia hapo nikapewa meza.

Pale mezani ndipo nilipojua siri ambayo huku mtaani hatuambiwi: kwenye matangazo hawanunui siku yako, wananunua matumizi. Picha ileile moja ina bei yake ikiwa ya kipeperushi, bei nyingine ikienda Instagram, nyingine ikipanda bangoni au kuchapwa kwenye pakiti. Mwezi mmoja si sawa na miaka mitatu. Tanzania peke yake si sawa na Afrika Mashariki nzima. Mastaa wanalijua hili. Staa akisaini ubalozi, mkataba wake unataja muda, unataja nchi, unataja na kampuni pinzani ambazo haruhusiwi kufanya nazo kazi. Wewe dogo wa kitaa unaulizwa swali moja tu: "Kwa siku unachukua ngapi?" Unataja laki, wanakubali fasta, unajiona mjanja.

Kuna dada mmoja muuza duka la nguo, mzuri wa haja. Alichukuliwa kupiga picha za kipeperushi cha mafuta ya nywele. Akalipwa laki moja, akala msosi wa mchana, akapewa na nauli. Freshi kabisa. Miezi michache baadaye sura yake ikapanda bango kubwa barabarani, ikaja kwenye kopo, ikaja mgongoni mwa daladala. Maneno ya chini ya picha niliyaandika mimi, kwa hiyo nilikuwa namuona kila asubuhi nikiwa kwenye foleni.

Mtaani wakaanza kumuita bosi. Ndugu wanakopa. Mwenye nyumba kampandishia kodi, eti "wewe si unaonekana kila mahali?" Yeye mfukoni hana kitu. Kilichouma zaidi kikaja baadaye. Kampuni nyingine ya vipodozi ilimtaka kwa hela ya maana, hela ya kufungua duka lake mwenyewe. Walipogundua ndiye yule wa bangoni wakamuacha. Wakasema huyu tayari ni sura ya wenzetu.

Akaja ofisini na kaka yake kudai haki. Bosi hakufoka wala nini. Akamuuliza kwa upole: "Mdogo wangu, makubaliano yako yako wapi?" Karatasi pekee aliyosaini ilikuwa ya kupokea ile laki moja. Akaletewa soda. Akanywa, akaondoka. Bango likabaki pale pale.

Msidhani ni mambo ya Bongo tu. Marekani kuna mwalimu wa chekechea aliyepigwa picha za kahawa mwaka 1986, akalipwa dola 250. Mwaka 2002 akajikuta dukani yuko kwenye chupa ya kahawa, na hakuna aliyemwambia. Akashtaki. Mwaka 2005 jopo la mahakama likasema alipwe zaidi ya dola milioni 15, lakini kwenye rufaa uamuzi ule ukatenguliwa, na moja ya hoja kubwa ikawa muda uliopita kabla ya kudai. Kwa hiyo hata kama haki ni yako, ukichelewa inaponyoka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kabla kamera haijawashwa, uliza mambo manne: itatumika wapi, kwa muda gani, nchi zipi, na wakitaka kuiongezea matumizi nalipwa ngapi. Wakikujibu kwa mdomo, rudi nyumbani uwaandikie WhatsApp au barua pepe: "Kama tulivyokubaliana leo..." Subiri wajibu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayatambua maandishi ya namna hiyo, kwa hiyo usifute chati. Tena tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ipo Tume unayoweza kuipelekea malalamiko picha yako ikitumiwa bila ridhaa yako.

Kwenye hela, omba kishika uchumba kabla ya kazi, nusu ikiwezekana, maana baada ya invoisi unaweza kusubiri siku 60 hadi 90 huku ukiambiwa mhasibu yuko safari. Uwe na TIN. Wakikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, dai cheti chake, usiishie kununa.

Najua mnachowaza: nikiuliza maswali mengi si watachukua mwingine? Ndiyo, kuna watakaochukua mwingine. Nimewaona kwa macho yangu. Lakini nimeona pia nani anaitwa mara ya pili, na mara nyingi ni yule ambaye karatasi zake zimenyooka, kwa sababu hata wao wanaogopa kesi. Na kama una njaa na kazi ni ya kwanza, kubali hela ndogo, ila na matumizi yawe madogo. Laki moja? Sawa, kipeperushi, miezi mitatu, basi. Bango tutaongea upya. Sentensi hiyo haina dharau wala haihitaji digrii.

Yule dada bado anauza nguo za mtu. Mabango yalishabadilishwa, siku hizi yupo binti mwingine, mdogo zaidi, anatabasamu vilevile. Sijui alisaini nini. Kama ni mdogo wako, au wewe mwenyewe ndiye unaenda kupigwa picha Jumamosi hii, mtumie hii ujumbe kabla hajapaka poda.

Haya, kazi kwenu.