Asubuhi na Minana wa Kilombero

Kabla jua halijachomoza, sisi akina mama wanne tulikuwa tumeketi ukingoni mwa Mto Kilombero, karibu na Ifakara. Ndani ya matete minana madume, wale ndege wa manjano, walifuma viota. Majike wakavikagua, wengine wakaondoka bila kuridhika. Tulicheka sana! Aina hii, iliyotambuliwa na wataalamu mwaka 1990, haipatikani nje ya bonde hili.

Kisha mwenzetu akanyamaza. Msimu uliopita alifyeka matete kama yale apande mpunga, apate fedha za sare na madaftari. Hatukumlaumu, nasi tuna watoto. Lakini tulikubaliana: safari hii kila mmoja ataacha matete yaliyo kati ya shamba lake na mto.